Gari la Kimarekani la usukani wa kulia linaposumbua: anzia kwenye dalili

Chevrolet Impala, Pontiac Parisienne, Dodge Phoenix, Ford Galaxie, Rambler. Haya ni magari ya taifa linaloendesha kulia mwa barabara, lakini kwa miongo kadhaa yalitengenezwa pia yakiwa na usukani wa kulia kwa ajili ya Australia, New Zealand, Afrika Kusini, Uingereza na nchi nyingine zinazoendesha kushoto. Mengi hayakutoka Marekani yenyewe bali Kanada: GM (General Motors, wenye Chevrolet na Pontiac) wakiwa Oshawa, Chrysler wakiwa Windsor, Ford wakiwa Windsor na baadaye Oakville. Sababu ilikuwa ushuru. Baada ya mapatano ya Ottawa ya 1932, bidhaa za Kanada zilipata nafuu katika himaya ya Mwingereza, na gari lililosafirishwa vipande ndani ya makasha likaunganishwe Port Elizabeth (Afrika Kusini), Petone (New Zealand) au Australia lilitozwa kidogo kuliko gari zima.

Kundi la pili ni yale yaliyotoka kiwandani na usukani wa kushoto, kisha gereji ikauhamisha. Kwa macho ya haraka yanafanana na ya kwanza. Chini ya boneti ni mambo mawili tofauti.

Mwenye gari la namna hii Nairobi, Arusha au Kampala ana bahati kwamba injini, giaboksi na ekseli yake ni zilezile za gari la usukani wa kushoto, na spea zake bado zinatengenezwa. Matatizo ya pekee ya gari la kulia hukaa pale ambapo kitu kimelazimika kuvuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili: stelingi, pedeli, fimbo za gia, nyaya za dashibodi, waipa. Ukikwama, rudi kwenye vivuko hivyo kabla hujagusa kitu kingine.

Kabla ya yote: limezaliwa hivi au limehamishwa?

Nusu ya majibu yaliyo hapa chini yanategemea swali hili. Inua zulia upande wa kushoto mbele, ukague ukuta wa bati unaotenga injini na abiria. Kifuniko cha bati peke yake si ushahidi, maana hata kiwandani tundu la upande usiotumika lilizibwa kwa kifuniko. Angalia kimefungwaje. Kifuniko cha kiwanda kimenyooka, kina skrubu au weldi ndogo za nukta zilizopangwa sawasawa, na lami yake ya kuzuia maji imezeeka pamoja na gari. Kazi ya gereji huonyesha mstari wa weldi, alama za grainda, mara nyingine puti chini ya rangi.

Gonga dashibodi kwa ukucha kuanzia kulia hadi kushoto. Ya kiwandani mara nyingi ni bati kwa urefu wote, na sauti haibadiliki. Ikibadilika katikati, pengine imekatwa na kuungwa; ikisikika kama plastiki kote, ni ya faiba. Halafu tafuta bamba la muunganishaji kwenye fremu ya mlango au ndani ya boneti, ulipige picha. Picha hiyo utaihitaji kila ukiagiza spea.

Dalili: spea zimefika, hazikai

Chanzo cha kwanza ni jina la gari kutolingana na chesisi. Pontiac za Kanada, kama Laurentian na Parisienne, zilivaa sura ya Pontiac juu ya fremu ya Chevrolet, zikatumia na injini za Chevrolet. Ukiagiza pampu ya maji ya Pontiac V8 (injini ya silinda nane) ya Marekani, itakuja nzuri, mpya, na haitafunga popote. Kwa gari hilo agiza injini, breki na stelingi kama za Chevrolet ya mwaka huohuo. Taa, vioo na mapambo ndiyo uagize kama Pontiac.

Chanzo cha pili ni mwaka. Sehemu za upande wa kulia zilikuwa ghali kuzitengeneza kwa idadi ndogo, hivyo kiwanda kilizing'ang'ania. Chevrolet kubwa za kulia zilizotoka Kanada ziliendelea kubeba dashibodi ya umbo la 1965 wakati zile za Marekani zilikuwa zimeshabadilishiwa sura. Gari la 1967 likikataa geji za 1967, jaribu za 1965.

Chanzo cha tatu ni fundi kutumia spana za milimita. Bolti hizi ni za inchi. Spana ya 13 huingia kwenye nati ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7, na kwa nati laini utafikiri inafaa. Kwenye nati yenye kutu itaila pembe zote. Nunua seti ya inchi ukae nayo mwenyewe, kwa sababu gereji nyingi zilizozoea magari ya Kijapani hazina.

Dalili: gari linavuta kushoto

Anza na upepo wa tairi. Kisha badilisha tairi za mbele, ya kulia iende kushoto. Mvuto ukigeuka kwenda kulia, tairi ndilo lenye kosa. Ukibaki ulipo, endesha kilomita chache bila kukanyaga breki sana, simama, usogeze mkono karibu na kila drami (ngoma ya breki) bila kuigusa. Moja ikiwa ya moto kuliko nyenzake, breki yake inashika.

Hivyo viwili vikiwa safi, rudi kwenye karatasi ya wili alaimenti (upangaji wa pembe za magurudumu). Hapa ndipo magari haya yanapoonewa sana. Barabara huinuka katikati na kuteremka pembeni ili maji yatiririke. Marekani gari huelekea kuteleza kulia, kwa hiyo vitabu vingi vya kule vinaagiza gurudumu la kushoto liwe na kemba chanya zaidi kidogo (juu yake liegemee nje), au kasta pungufu kidogo (egemeo lake la kugeukia lilale nyuma kidogo zaidi ya hapo ila kwa pungufu kuliko la kulia), ili gari lirudi katikati. Fundi mwangalifu akifuata kitabu hicho neno kwa neno kwenye gari linaloendeshwa kushoto, anaongeza mvuto juu ya mteremko. Mwambie ageuze namba za kushoto na kulia. Halafu jaribu gari kwenye uwanja tambarare usio na watu: hapo likienda moja kwa moja au likivuta kulia kidogo sana, ndivyo inavyotakiwa.

Dalili: usukani una mchezo, gari linatangatanga

Mtu mmoja akae ndani akitikisa usukani kidogo kidogo kulia na kushoto, magurudumu yakiwa chini. Wewe lala pembeni na tochi, ufuatilie mwendo kuanzia juu kwenda chini. Kila kiungo kinapaswa kuanza kusogea wakati mmoja na kile kilichokitangulia. Pale unapoona cha juu kimesogea na cha chini kimetulia, umeshapata mahali.

Kinachokutwa kimekwisha mara nyingi zaidi ni mkono wa kusaidia, yaani aidala, ambao kwenye gari la kulia hukaa upande wa kushoto wa fremu. Zinafuata tairodi endi, yaani ncha za fimbo zinazogeuza magurudumu. Halafu kile kiungo cha mpira na turubai kilichopo kati ya nguzo ya usukani na boksi la stelingi. Kiungo hicho kwenye V8 nyingi za kulia hukaa jirani na bomba la ekzosi, mpira unapikwa kila siku hadi unafanya nyufa na kubomoka ukiuminya kwa vidole. Ukiweka kipya bila kurudisha ngao ya joto, utakibadilisha tena.

Mwisho kabisa ndipo uliangalie boksi lenyewe: bolti zake kwenye fremu, fremu kama ina ufa kuzunguka bolti hizo, na marekebisho ya ndani. Watu wengi huanza na ile skrubu ya juu ya boksi kwa sababu inaonekana kirahisi. Ukiikaza ili kuficha mchezo wa aidala, usukani hautarudi wenyewe baada ya kona, na meno ya ndani yataliwa. Boksi la kulia ni moja ya spea adimu kuliko zote za magari haya. Litunze.

Kwa gari lililohamishwa kuna ukaguzi wa ziada. Wengine waliacha boksi la kushoto mahali pake na kuvusha mzunguko kwa mnyororo au gia nyuma ya dashibodi. Wengine waliongeza viungo vya msalaba ili shafti ikwepe ekzosi. Angalia kila kiungo kina boliti ya kukifunga isiyolegea, na shafti ndefu ina beringi ya kuishikilia katikati.

ACHA KUENDESHA ukikuta mnyororo umelegea, weldi kwenye shafti ya usukani bila hati ya mhandisi aliyeikagua, au ufa kwenye fremu mahali boksi lilipofungwa. Livutwe hadi kwa mtu anayefanya kazi ya stelingi kila siku. Weldi ya mtaani haina nafasi kwenye stelingi, hata iwe nzuri kwa macho.

Dalili: pedeli ya breki inazama, au iko chini mno

Kwanza kiwango cha mafuta ya breki. Kikiwa kimepungua, kuna mahali yanatoka: kagua ndani ya kila tairi, na chini ya zulia mahali pa dereva, maana masta silinda (pampu kuu ya breki) inayovuja nyuma huteremsha mafuta ndani ya gari polepole bila kuacha tone barabarani.

Mafuta yakiwa sawa, kanyaga mara mbili za haraka. Pedeli ikipanda, ama drami zinahitaji kurekebishwa ama kuna hewa. Ukiikanyaga na kuishikilia ikawa inazama taratibu bila mafuta kupungua, mipira ya ndani ya masta silinda imechoka.

Kwa gari lililohamishwa, fanya jaribio jingine kabla hujanunua chochote. Mtu akanyage kwa nguvu, wewe utazame ukuta wa bati na ile fimbo inayopeleka nguvu kutoka pedeli ya kulia hadi masta silinda iliyoachwa kushoto. Ukiona ukuta unabonyea kama kifuniko cha debe, au fimbo inajipinda, hakuna mpira mpya utakaokuponya. Dawa ni kuhamishia masta silinda upande wa kulia na kuweka bamba la kuimarisha ukuta.

Fahamu pia kwamba kabla ya magari ya mwaka 1967, mengi ya Kimarekani yalikuwa na masta silinda ya njia moja. Bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne hayana breki. Kuweka ya njia mbili ni kazi ninayoipendekeza kwa gari lolote litakaloshuka milima, lakini ifanywe na anayejua kugawa mabomba ya mbele na nyuma na kupata kipenyo kinachofaa drami zako.

Usipulize vumbi la drami kwa kompresa wala mdomo. Laini (vitambaa vya breki) za zamani zina asbestosi. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kifunge kwenye mfuko.

SIMAMA HAPO HAPO pedeli ikifika sakafuni hata mara moja. Breki ikirudi yenyewe baada ya hapo bado haijapona.

Dalili: gia hazilingani, au gari linatembea likiwa kwenye P (gia ya kuegesha)

Mikono ya gia kwenye giaboksi nyingi za magari haya iko ubavu wa kushoto, na kwenye gari la kulia nguzo ya usukani iko upande wa pili. Kiwanda kilivusha mwendo kwa shafti na fimbo zenye bushi ndogo kila mwisho. Bushi zikiisha, mshale wa dashibodi unasema D huku giaboksi iko kati ya gia mbili. Stata nayo hukubali tu ukiinua lever kidogo, kwa sababu swichi ya usalama haifikiwi vizuri. Kwenye manyuo (giaboksi isiyo otomatiki) ya gia tatu za usukanini, dalili ni kukwama kati ya ya kwanza na ya pili.

Kwa hiyo: weka vizuizi kwenye magurudumu, ingia chini injini ikiwa imezimwa, shika kila fimbo utikise. Bushi ni rahisi na hubadilishwa kwa nusu siku. Kisha rekebisha urefu wa fimbo ukianzia kwenye giaboksi kurudi juu, kamwe si kinyume chake.

Wenye Dodge, Plymouth na Valiant zenye TorqueFlite (giaboksi otomatiki ya Chrysler) waangalie na fimbo inayotoka kabureta kwenda giaboksi. Haikuwekwa kwa ajili ya kushusha gia tu unapokanyaga. Ndiyo inayoiambia giaboksi iweke presha kiasi gani. Ikikatwa au ikilegea, gia hupanda mapema na laini, dereva anafurahi, na ndani klachi zinateleza hadi zinaungua.

Giaboksi ikinuka kuungua na mafuta yake yamekuwa ya kahawia, usiongeze mafuta ukaendelea na safari. Mpe mtaalamu wa otomatiki.

Dalili: asubuhi linawaka vizuri, likipata moto stata inazunguka kwa uzito

Safisha vichwa vya betri na waya wa ethi kwanza. Betri iliyopumzika ioneshe karibu volti 12.6. Gari lililohamishwa mara nyingi lilihamishwa na betri pia, na waya uliorefushwa kwa waya mwembamba hula umeme wote njiani.

Vikiwa sawa, tazama palipo stata. Chevrolet na Ford nyingi za V8 zina stata upande wa kulia wa injini, ambako sasa kuna boksi la stelingi na ekzosi pia. Hakuna hewa inayopita. Ngao ya bati kati ya ekzosi na stata, na waya mnene, hutatua nyingi. Usipofanikiwa, angalia taimingi (wakati wa cheche ya plagi) kama imetangulizwa mno. Stata mpya iwe ya mwisho.

Dalili: taa, geji na harufu ya waya

Ukimulikiwa na kila dereva unayepishana naye, taa zako huenda ni za Marekani, ambazo dimu yake inaelekeza mwanga kulia. Simamisha gari kwenye tambarare, mita saba na nusu kutoka ukutani, washa dimu. Mwanga uliokolea unapaswa kulala chini na kuelemea kushoto. Ukielemea kulia, usihangaike na skrubu za kurekebisha, badilisha taa yenyewe kwa ya nchi zinazoendesha kushoto. Vipimo vya inchi 7 na inchi 5¾ bado vinapatikana.

Taa ya breki ya upande mmoja haiwaki, lakini ile ya usiku inawaka? Balbu ina nyuzi mbili, anza nayo. Inafuata ethi ya kikombe cha taa. Vyote vikiwa vizima, kosa liko kwenye swichi ya indiketa juu ya nguzo ya usukani, kwa sababu kwenye mfumo wa Kimarekani breki na indiketa nyekundu hutumia uzi mmoja wa balbu, na umeme wa breki hupitia swichi hiyo. Gari lenye indiketa za njano zilizotengwa halina njia hiyo.

Geji ya mafuta na ya joto zikipanda au kushuka pamoja kwenye Ford au Chrysler, usibadilishe geji. Kuna kidhibiti kidogo nyuma ya dashibodi kinachoshusha volti 12 kuwa kama 5, nacho ndicho kimekufa.

Kwa magari kabla ya katikati ya miaka ya 1950, pima betri kabla ya kufunga chochote. Chevrolet ilihamia volti 12 kwa magari ya 1955, Ford na Chrysler kwa ya 1956. Ford na Plymouth za volti 6 zilikuwa na ethi ya upande wa chanya.

Jambo la hatari kuliko yote katika umeme: Dodge, Plymouth na Chrysler nyingi za miaka ya 1960 hupitisha umeme wote wa kuchaji ndani ya geji ya ampea kwenye dashibodi, kupitia plagi kubwa ya plastiki iliyo kwenye ukuta wa bati. Vituo vyake hulegea na kupata kutu, vinapata moto, plastiki inayeyuka. Dalili ni taa zinazopwaya, sindano ya ampea inayotetemeka, na harufu ya plastiki karibu na miguu. Chomoa betri, vuta plagi, tazama rangi: kituo kizima kina mng'ao wa shaba, kilichoungua ni cheusi na plastiki yake imejikunja. Ukikuta hivyo, betri ibaki imechomolewa hadi fundi umeme apitishe waya mpya wenye fyuzi linki (kipande cha waya kinachoyeyuka umeme ukizidi). Gari hushika moto kwa njia hii hata likiwa limeegeshwa.

Dalili: linachemsha, au linazima kwenye foleni

Hapa gari la kulia halina upekee mkubwa. Maji, kifuniko cha rejeta, fenibelti, themostati, rejeta iliyoziba, kwa mpangilio huo. Usifungue kifuniko likiwa la moto. Linalozima kwenye foleni na kuwaka baada ya kupoa huwa petroli imechemka bombani: sogeza bomba mbali na ekzosi. Likitoa moshi mweusi Nairobi na si Mombasa, kabureta imepangiwa usawa wa bahari. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu na hewa yake nyepesi inataka jeti (tundu la kupitisha petroli) ndogo zaidi.

Dalili: waipa zinasita mlimani, au zinafuta upande usio wako

Za kusita zinaendeshwa kwa mvuto wa hewa wa injini, na ukikanyaga sana mvuto unapungua. Kwanza badilisha mpira wake uliopasuka, kisha paka mafuta kwenye egemeo. Za kuacha pembe chafu mbele ya dereva ni za gari lililohamishwa bila kugeuza mitambo ya waipa, na hilo lisichukuliwe kama urembo: msimu wa masika pembe hiyo ndiyo unayoona nayo.

Dalili: nati za gurudumu la kushoto hazifunguki

Kabla ya kuongeza bomba kwenye spana, futa uchafu kwenye ncha ya stadi (bolti inayoshikwa na nati). Ukiona herufi L, nati hiyo hufunguliwa kwa kuzungusha kulia. Chrysler, Dodge, Plymouth na Valiant za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa hivyo upande wa kushoto wa gari, na stadi nyingi zimekatwa na vijana wa pancha wasioambiwa. Waambie kabla hawajaweka jeki.